Vifungo kwenye lastiki: miezi saba niliyoipoteza katika utafiti wa galaksi

Mwaka 2022 nilitumia miezi saba kueleza jambo ambalo halikuwapo. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu katika kosmolojia, nikichunguza jinsi galaksi zinavyobadilika ukubwa kadiri ulimwengu unavyozeeka, na nilikuwa na mchoro wa kuvutia, maelezo ya kifizikia yaliyonyooka, pamoja na makala iliyokwisha kuwasilishwa kwenye jarida. Kilichokosekana ni hesabu ya darasa la nne: kugawanya kwa tatu. Nayaandika haya nikiwa nyumbani Moshi kwa sababu kila mwaka vijana wawili watatu wa Kilimanjaro na Arusha hunitafuta wakitaka kuingia katika fani hii, na maswali yao huwa ni kuhusu ufadhili na ugumu wa hisabati, ilhali yaliyoniumiza mimi yalikuwa mengine kabisa.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Huku kwetu ukisema unasomea nyota, wengi huelewa ramli, na shangazi yangu aliwahi kuniomba kwa dhati nimtazamie mwanawe nyota ya ndoa. Sisi tunashughulika na swali lingine: galaksi zimetoka wapi? Vipimo vya setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, vinaonyesha kwamba maada ya kawaida, ile inayounda nyota, udongo na miili yetu, ni takriban asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Kama asilimia 27 ni maada giza, ambayo haitoi mwanga lakini ina uvutano, na asilimia 68 hivi ni nishati giza, inayoufanya ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi. Maada giza hujikusanya kwa uvutano wake yenyewe na kuwa mabonge makubwa. Gesi huangukia ndani ya mabonge hayo, hupoa, na humo nyota huzaliwa na galaksi hujengeka. Kwa kuwa hakuna maabara inayoweza kurudia historia ya miaka bilioni 13.8, tunairudia ndani ya kompyuta kwa simulesheni.

Simulesheni niliyoitumia inaitwa IllustrisTNG. Iliendeshwa kwa kompyuta kubwa nchini Ujerumani, na data zake zilianza kufunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa mwaka 2018, bila ada. Toleo nililolichagua, TNG100, ni boksi la kufikirika lenye upande wa megaparseki zipatazo 110, yaani miaka ya nuru kama milioni 360, na historia yake imehifadhiwa katika vipande 100 vya nyakati, kuanzia ulimwengu ulipokuwa mchanga hadi leo. Kwa msichana aliyesoma fizikia Dar es Salaam akiwa hajawahi kugusa darubini kubwa, habari kwamba ulimwengu mzima wa namna hiyo unapatikana kwa mtu yeyote mwenye intaneti ilikuwa mlango uliofunguka wenyewe.

Mlango ulifunguka, lakini nilijaribu kuuingiza mlima wote ndani ya nyumba. Nilianza uzamivu mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati safari zilikuwa zimevurugwa na korona, na kwa miezi mitano ya mwanzo niliifanya kazi ya chuo kimoja cha Afrika Kusini nikiwa sebuleni kwa mama, Majengo. Nilidhani mtafiti makini huanza kwa kuzimiliki data zake, hivyo nikanunua diski ya nje ya terabaiti 2 kwa fedha ambazo mama alikopa kwenye VICOBA, nikaanza kupakua. Kipande kimoja kamili cha TNG100 kina ukubwa wa takriban terabaiti 1.7. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, ambayo sikuwa nayo kila saa, upakuaji huo unahitaji siku 16 mfululizo bila umeme kukatika wala bando kuisha, na hicho ni kipande kimoja kati ya 100. Nilipoteza wiki sita na fedha ambazo bado naona aibu kuzitaja kabla sijamwambia msimamizi wangu kwamba sijaanza kazi. Alijibu kwa sentensi mbili: katalogi, yaani orodha za vipimo vya kila galaksi, ni ndogo mno kuliko data za chembe zinazoziunda galaksi zenyewe, na watayarishaji wa data hizo wametoa njia ya kuomba galaksi moja moja, pamoja na nafasi ya kufanyia uchambuzi kwenye seva zao. Kilichohitaji kusafiri kilikuwa skripti yangu, programu fupi ya kilobaiti chache, nayo nilikuwa naweza kuituma hata kwa simu nikiwa stendi. Anayeanzia Moshi, Karatu au Babati asinunue diski. Asome kwanza ukurasa wa maelekezo wa data husika, aombe akaunti, afanye kazi kule kule data zilipo.

Tarehe 25 Desemba 2021 nilikuwa nimerudi nyumbani kwa Krismasi, kama Wachaga wote wanaoweza kupata nauli, na saa 9:20 alasiri tuliacha nyama tukakaa kuzunguka simu yangu kuangalia darubini ya James Webb ikirushwa kutoka Guyana ya Kifaransa. Nilikuwa nimewaeleza kwamba darubini hiyo itaona galaksi za mwanzo kabisa. Baba mdogo akaniuliza kama na mimi nitagundua kitu. Nilimjibu kwamba nitajitahidi, na nadhani jibu hilo, mbele ya ukoo mzima, lilinifuata mwaka mzima uliofuata kuliko nilivyotambua.

Mei 2022 nikapata matokeo yangu. Nilichukua galaksi zenye wingi (yaani masi) wa nyota uliofanana, nikalinganisha ukubwa wake leo na ukubwa wake katika redishifti ya 2, ambayo ni wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka bilioni 3.3 hivi. Redishifti, kwa asiyeijua, ni kipimo cha jinsi mwanga ulivyovutwa kuelekea wekundu njiani kwa sababu anga limetanuka. Redishifti ya 2 maana yake ni kwamba umbali kati ya galaksi na galaksi wakati ule ulikuwa theluthi moja ya ulivyo leo. Uchunguzi wa darubini ya Hubble ulikwisha kuonyesha kwamba galaksi za wakati huo zilikuwa ndogo kuliko za leo zenye wingi sawa. Mchoro wangu ulisema kinyume: galaksi zangu hazikukua, na baadhi zilikuwa kubwa kidogo zamani kuliko sasa.

Mtu aliyetulia angesimama hapo. Mimi nilifurahi. Nilianza kutafuta kinachoweza kuzivimbisha galaksi changa, na fizikia haina uchoyo wa majibu: nyota kubwa zinapolipuka husukuma gesi nje, uvutano wa katikati hupungua, na nyota zilizobaki hutawanyika kwenye njia pana zaidi. Utaratibu huo upo kweli, umeandikwa, na kwenye galaksi ndogo unajulikana vizuri. Nilichora mabadiliko ya gesi, nikapata uhusiano uliofanana na nilichotaka kuona, nikaandika kurasa 14. Katika kikao cha kikundi chetu mtafiti mmoja mkubwa aliuliza kama nimehakiki vipimo. Nilijibu ndiyo, na sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimelinganisha ukubwa wa galaksi za leo na zile zinazoonekana kwa darubini, navyo vilikaribiana vizuri.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na naomba msomaji avumilie nieleze taratibu. Katika simulesheni hizi umbali hauandikwi kwa kilomita wala kwa kiloparseki za kawaida (kpc, sehemu ya elfu ya megaparseki). Huandikwa kwa rula inayotanuka pamoja na ulimwengu, na juu ya hapo huzidishwa kwa tarakimu inayotokana na kasi ya mtanuko, ambayo katika TNG ni 0.6774. Ili kupata ukubwa halisi unatakiwa ugawanye kwa 0.6774, kisha ugawanye tena kwa moja jumlisha redishifti. Kwa galaksi za leo redishifti ni sifuri, unagawanya kwa moja, hakuna kinachobadilika. Kwa redishifti ya 2 unagawanya kwa tatu. Skripti niliyoirithi kutoka kwa mwanafunzi aliyenitangulia ilikuwa inagawanya kwa 0.6774 peke yake, na kwa kazi yake ilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu yeye alichunguza galaksi za leo tu. Nilipoiona ile 0.6774 niliamini kwamba suala la vipimo limekwisha kushughulikiwa. Nikahakiki mahali pekee ambapo kosa lisingeweza kuonekana.

Niliwasilisha makala Novemba. Mwezi uliofuata kibali changu cha masomo kiliisha muda, nikarudi Moshi kuomba kipya. Wakati ule maombi yalitaka cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu, vipimo vya hospitali pamoja na eksirei ya kifua, bima ya afya iliyolipiwa na barua za chuo, na kila karatasi ilikuwa na muda wake wa kuisha. Mimi nilianza na eksirei kwa kuwa ilikuwa rahisi, na cheti cha polisi kilipofika, barua ya chuo ilikuwa ina tarehe ya zamani mno, ikabidi niombe nyingine. Jumla nilikaa wiki 14. Anayejiandaa aanze na ile inayochelewa zaidi, na aanze miezi sita kabla.

Ilikuwa katikati ya kungoja huko, Januari 2023, mdogo wangu wa kidato cha sita aliponiuliza ni vipi anga linatanuka bila galaksi zenyewe kutanuka. Mama ni fundi cherehani. Nilichukua lastiki pana kwenye kapu lake, nikamwambia mdogo wangu aishike imevutwa sana, nikaichora alama za kalamu kila baada ya sentimeta moja na kuwekea juu yake vifungo vya shati. Leo iko hivi, nilimwambia. Kila kifungo ni galaksi, na kila kimoja kinafunika nafasi moja kati ya alama na alama. Sasa legeza, turudi zamani. Akalegeza. Mama, bila kuinua macho kwenye cherehani, akasema, "Mrudishie mwenyewe lastiki yake hiyo, na usiipime ikiwa imevutwa, utamkosea mteja kiuno." Mimi nilikuwa naangalia kifungo. Hakikuwa kimebadilika, lakini alama zilikuwa zimesogeleana chini yake na sasa kilikuwa kinafunika nafasi tatu. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema kwamba ukihesabu alama utadhani kifungo kilikuwa kikubwa zamani, na sentensi hiyo sikuimaliza.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi. Nilisoma jedwali la maelekezo kwenye simu, taa ya chemli pembeni, na pale kwenye safu ya vipimo kulikuwa na herufi c mbele ya kpc, herufi ambayo nilikuwa nimeipita kwa mwaka mzima na ambayo maana yake ni hiyo rula inayotanuka. Nilichukua tarakimu za mchoro wangu nikazigawanya kwa tatu kwenye karatasi ya risiti. Galaksi za zamani zikawa ndogo, karibu kabisa na zile za Hubble. Sikulia usiku ule. Nililia kesho yake, nilipokumbuka kwamba mchoro ule ndio niliomwonyesha baba mdogo siku ya Krismasi.

Barua kwa msimamizi wangu niliiandika na kuifuta kwa siku tatu. Rasimu ya kwanza ilimlaumu aliyeandika skripti, ya pili ilisema "huenda kuna tatizo dogo", na zote mbili hazikuwa za kweli. Niliyoituma ilikuwa na mistari mitano: kosa ni lipi, limeathiri michoro ipi, nimelihakiki vipi, sehemu gani za makala zimeanguka, na kwamba naomba tuiondoe jaridani kabla wahakiki hawajaisoma. Alinipigia simu ndani ya saa moja. Aliniambia kwamba yeye pia aliusoma ule mchoro mara nyingi bila kuliona, na kwamba tuiondoe siku hiyo hiyo, tukaiondoa. Hadi leo nafikiri siku tatu zile ndizo zilikuwa hatari kuliko miezi saba. Kosa lenyewe liliweza kurekebishwa kwa mstari mmoja wa msimbo, lakini barua ile ya "tatizo dogo" ingeondoka, nisingejua tena jinsi ya kurudi.

Niliporejea Afrika Kusini nilifuta skripti ya urithi na kuandika yangu tangu mwanzo, na katika kuiandika nikakuta makosa mengine ambayo ule uvimbe wa uongo ulikuwa umeyafunika. Boksi la simulesheni halina ukingo: ukitoka upande mmoja unaingilia upande wa pili. Kwa hiyo galaksi iliyokaa mpakani huwa na nusu ya nyota zake kwenye nafasi karibu na sifuri na nusu nyingine karibu na 75,000, ambao ndio upande wa boksi kwa rula ile ya simulesheni, na ukichukua wastani wa kawaida kitovu chake kitaangukia katikati ya boksi, mahali ambapo hakuna kitu. Pia baadhi ya vitu vilivyoorodheshwa kwenye katalogi kama galaksi si galaksi, ni vipande vya gesi na nyota vilivyomeguka ndani ya galaksi nyingine. Watayarishaji wameviwekea alama maalumu ili uviache, nami sikuwa nimeitazama alama hiyo. Tena chembe moja ya nyota katika TNG100 ina wingi wa jua zipatazo milioni 1.4, maana yake galaksi yenye wingi wa jua milioni 100 imejengwa kwa chembe kama 70 tu, na kuzungumzia umbo la kitu chenye chembe 70 ni kujidanganya. Niliweka kikomo cha chini na kuachana na maelfu ya galaksi, ingawa idadi kubwa ilikuwa inapendeza kwenye mchoro.

Sasa sianzi kamwe na galaksi 10,000. Naanza na tatu, moja ya leo, moja ya zamani na moja ya mpakani, nazikokotoa kwa mkono kwenye daftari, kisha naangalia kama msimbo unatoa tarakimu zile zile. Jina la kila kigezo kwenye msimbo wangu linabeba kipimo chake ndani yake, hata likiwa refu na baya. Na nikipata matokeo yanayopingana na yanayojulikana, najipa wiki mbili za kujaribu kuyaua kabla sijajiruhusu kuyaeleza. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa maelezo huja yenyewe na huja matamu.

Makala iliyotoka mwishoni mwa 2023 haikuwa na habari kubwa. Ilionyesha kwa undani kiasi jinsi galaksi zilizoacha kuzaa nyota zinavyotofautiana kwa ukuaji na zile zinazoendelea, na wachache wameinukuu. Kuhusu gharama: ulizeni msamaha wa ada ya uchapishaji kabla ya kuwasilisha, kwa kuwa majarida kadhaa ya fani yetu sasa ni ya wazi na hulipisha waandishi, na wekeni rasimu kwenye arXiv, hifadhi ya wazi ya makala mtandaoni, ambako mtu wa Moshi husoma bila kulipa chochote.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mwanzoni mwa 2024 nilialikwa kwenye kongamano moja Ulaya, nikasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole, nikalipa euro 80, nikanyimwa viza, na fedha hazikurudi. Waandaaji waliniruhusu kuwasilisha kwa video, jambo ambalo wangelikubali tangu mwanzo kama ningeomba. Nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu hutangazwa zaidi kati ya Septemba na Desemba kwa kazi zinazoanza karibu mwaka mmoja baadaye, kwa hiyo tasnifu haingoji kukamilika ndipo uombe. Na ukipata jibu mapema, fahamu kwamba kuna makubaliano yanayofuatwa na taasisi nyingi kwamba usilazimishwe kuamua kabla ya tarehe 15 Februari. Nilituma maombi 27. Nilipata mahojiano manne na nafasi moja. Katika mawili kati ya mahojiano hayo niliulizwa kuhusu makala iliyoondolewa, kwa sababu kosa lile nimelieleza katika kiambatisho cha tasnifu, pamoja na michoro yote miwili, ule wa uongo na ule wa kweli. Aliyenipa nafasi ni mmoja wa walioniuliza.

Naondoka mwezi ujao. Karatasi za kibali zimekamilika, safari hii nilianza na polisi. Mdogo wangu amechukua masomo ya uhandisi na hataki kusikia habari za galaksi, ila jana alinisaidia kuchora kila sentimeta kwenye kipande kipya cha lastiki, ambacho mama amenikatia baada ya kunikumbusha kwamba cha kwanza sikukilipia. Jumamosi nakipeleka kwenye shule moja ya sekondari njia ya Marangu, pamoja na vifungo sita.